Wawili wakitembea ugenini, hatua ihesabiwe ya mwenye hatua fupi

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Kurasa za safari kwenye magazeti yetu husema bei ya tiketi ya ndege, jina la hoteli na vivutio vitatu vinne vya kupigia picha. Miguu haitajwi. Wakati huohuo, wanandoa wengi wa Mbeya, Iringa na Njombe wanatoka nje ya nchi: wapo wanaokwenda kumtembelea mtoto anayesoma China, India au Uturuki, wapo wanaotumwa na usharika kwa marafiki wao Ujerumani, wapo wa fungate, na wapo wakulima wa parachichi wanaotaka kuona tunda lao linaliwa wapi. Wakifika, hupanda teksi kutoka mlango wa hoteli hadi mlango wa kanisa maarufu, kisha hurudi nyumbani wakisema wameiona nchi. Inauma kuona watu waliokua wakipanda na kushuka milima ya Uporoto kwa miguu wakilipa pesa nyingi ili wasitembee kilomita mbili za lami. Tembea uone, tunaambiana kila siku.

Tuanze na kosa linaloharibu safari za wawili kuliko viza na kuliko fedha. Mmoja ana hatua ndefu, mwingine fupi. Mwenye hatua ndefu hutangulia, akifika juu ya kilima husimama, hunywa maji, huvuta pumzi dakika tano. Mwenzake anapowasili, yeye amekwisha kupumzika, anasema, “Haya, twende.” Hivyo aliyechoka zaidi ndiye asiyepumzika hata mara moja tangu asubuhi. Ikifika saa nane mchana goti limevimba, maneno yamekuwa mafupi, na kesho yake mmoja anaomba abaki chumbani. Anayelaumiwa ni mwenye hatua fupi, naye hana kosa lolote. Mwenye hatua fupi atangulie, na mapumziko yaanze kuhesabiwa pale yeye anapokaa chini. Dakika kumi katika kila saa zinatosha, lakini ziwe kumi kweli: begi chini, viatu vimevuliwa, soksi zipate hewa.

Kupanga muda nako kufuate miguu yake. Mwaka 1892 mpanda milima wa Scotland, William Naismith, alitoa kanuni inayotumika hadi leo: saa moja kwa kila kilomita 5, na uongeze saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa mwenye hatua fupi hesabu kilomita 4 kwa saa. Chukua njia ya kilomita 16 yenye kupanda mita 900, ambao ni mwinuko wa karibu sawa na kutoka Mbeya mjini hadi kilele cha Loleza. Kilomita zinachukua saa nne, mwinuko saa moja na nusu, mapumziko karibu saa nzima. Jumla inakaribia saa sita na nusu. Mkitoka saa mbili asubuhi mtamaliza saa nane na nusu mchana, na hapo bado hamjala wala kupotea njia. Mjini kanuni hii haifai, kwa kuwa taa za barabarani, foleni na madirisha ya maduka hula muda. Hesabuni kilomita 3 kwa saa, na kilomita 12 kwa siku nzima zinawatosha walioanza.

Hesabu hiyo ina mtego kwa sisi wa huku. Tumezoea siku ya saa kumi na mbili, mwaka mzima. London mwezi Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni. Mwezi Juni huzama baada ya saa tatu usiku. Anayepanga matembezi ya Desemba kwa mazoea ya Iringa atakutwa na giza porini. Jua lenyewe pia hudanganya. Mwezi Juni huku kwetu jua la mchana liko upande wa kaskazini. Ulaya jua la mchana liko kusini siku zote za mwaka. Mtu anayejipa dira kwa kivuli chake, kama afanyavyo shambani, atakwenda kinyume akiwa na uhakika kabisa kwamba yuko sawa.

Sasa barabara, maana huko ndiko watu huumia. Tanzania, Kenya, Uganda, Malawi, Zambia, Uingereza, India na Afrika Kusini magari hupita kushoto. Rwanda, Burundi, Kongo, Ethiopia, Uturuki, China, Marekani na karibu Ulaya yote iliyobaki hupita kulia. Shingo ya Mtanzania hugeuka kulia kwanza kabla ya kuvuka. Mjini Kigali au Berlin gari la kwanza litatoka kushoto. Hatari huongezeka kwa wawili walioshikana mikono: wa mbele hutazama upande usio, wa nyuma hatazami kabisa kwa sababu amemwamini mwenzake. Wekeni sharti kwamba mkiwa nchi ya kulia, kabla ya kushuka ukingo wa barabara mmoja anatamka “kushoto kwanza,” na kila mmoja anatazama kwa macho yake. Sehemu nyingi za Marekani gari huruhusiwa kukata kulia hata taa ikiwa nyekundu, kwa hiyo mtu wa taa ya kijani asiwafanye mlale. Ujerumani kuvuka taa ikiwa nyekundu ni kosa la kutozwa faini, hata barabara ikiwa tupu. Amsterdam na Copenhagen njia ya baiskeli iko pembeni kabisa ya njia ya miguu, na wenye baiskeli hawapunguzi mwendo. Amsterdam mara nyingi imepakwa rangi nyekundu. Msisimame hapo kupiga picha. Na vijijini pasipo na njia ya miguu, tembeeni mkiyakabili magari: Malawi ni upande wa kulia, Rwanda ni kushoto, mmoja mbele mmoja nyuma, kamwe si bega kwa bega.

Kuhusu viatu tutakaa kidogo, maana hapa ushauri mwingi wa mtaani ni mbovu. Viatu vizuri vya kupandia mlima vinapatikana kwenye mitumba ya Mwanjelwa, lakini chungulia soli kabla ya kulipa. Kati ya soli ya nje na kiatu kuna tabaka laini. Libonyeze kwa kucha ya dole gumba. Likirudi taratibu kama mpira, sawa. Likipasuka nyufa ndogo au likitoa unga, kiache hata kama ngozi ya juu inang'aa. Tabaka hilo huoza kwa unyevunyevu hata kiatu kikikaa kabatini bila kuvaliwa, na soli nzima huweza kubanduka siku ya kwanza ya safari. Jaribu kiatu jioni, wakati mguu umevimba, ukiwa umevaa soksi utakazosafiri nazo. Ukisimama, mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa dole gumba. Pasipo nafasi hiyo, kila mteremko utagonga kucha hadi ziwe nyeusi. Soksi za pamba tupu hushika jasho. Za sufu au mchanganyiko wa nailoni ni bora. Na kiatu kipya kitembezwe kilomita 50 au zaidi huku nyumbani kabla hakijapanda ndege.

Kisigino kikiwa kinacheza, dawa iko kwenye kamba. Matundu mawili ya juu kabisa, ambayo wengi huyaacha, ndiyo yenye kazi. Pitisha kamba kutoka tundu la chini kwenda la juu upande uleule, ili ibaki pete ndogo kila upande. Ingiza ncha ya kulia kwenye pete ya kushoto, na ya kushoto kwenye pete ya kulia. Vuta kuelekea chini, kisha funga fundo la kawaida. Kisigino kitatulia na vidole havitagonga mbele wakati wa kushuka.

Malengelenge huletwa na vitu vitatu vikikutana: joto, unyevu na msuguano. Kabla lengelenge halijatoka kuna dalili, sehemu huwasha moto kama imeguswa na pilipili. Hapo ndipo pa kusimama, tena papo hapo, ukaushe mguu na kubandika plasta pana isiyo na mikunjo. Anayesubiri “hadi pale mbele” ameshachelewa, na kati ya wawili mara nyingi mmoja hunyamaza ili asimcheleweshe mwenzake. Aulizwe kila mapumziko, “Mguu ukoje?” Lengelenge dogo liachwe. Kubwa linalouma likitembewa, osha kwa sabuni, choma sindano motoni au ifute kwa spiriti, toboa matundu mawili pembeni upande wa chini, kamua taratibu, na ngozi ya juu usiitoe, ndiyo bandeji bora. Funika. Mwenye kisukari asijitoboe, aende zahanati.

Mzigo haugawanywi nusu kwa nusu. Kwa matembezi ya siku moja kila mtu abebe kiasi cha sehemu moja ya kumi ya uzito wake: mwenye kilo 60 abebe kilo 6, mwenye kilo 80 abebe 8. Kumbukeni kuwa lita moja ya maji ni kilo moja, na kwenye joto mtu anahitaji kama nusu lita kwa saa. Vitu vizito vikae karibu na mgongo. Kifaa cha kuchajia simu, dawa za huduma ya kwanza, sabuni na dawa ya meno vinatosha kimoja kwa wote wawili. Lakini maji, fedha, filimbi, koti la mvua, nakala ya pasipoti na anwani ya mnapolala iliyoandikwa kwenye karatasi viwe viwili, kila mtu na vyake. Tumeona mabegi ambayo bwana amebeba pasipoti zote, kadi zote na simu yenye ramani. Akiibiwa au akipotea huyo, wote wamekwisha. Na vitu visifungwe kwenye mifuko ya rambo: Rwanda imeipiga marufuku tangu 2008 na Kenya tangu 2017, kama ilivyo hapa kwetu tangu 2019. Ili nguo zisilowe, tumieni kiroba kigumu kilichokunjwa mdomo.

Kupotezana ni jambo la kupanga kabla ya kutoka chumbani, kwa sababu laini yetu mara nyingi haifanyi kazi huko. Barabarani, kila mmoja arudi mahali pa mwisho mlipokuwa pamoja na asubiri hapo nusu saa, kisha hotelini. Kwenye treni ya chini ya ardhi, mlango ukimfungia mmoja ndani, aliye ndani ashuke kituo kinachofuata na asimame palepale kwenye jukwaa. Aliyebaki apande treni inayofuata ya njia hiyohiyo. Wote wawili wakijaribu kurudiana watapishana mchana kutwa. Ramani ya mji ishushwe kwenye simu zote mbili kabla, kwa Wi-Fi. Simu huonyesha mahali mlipo hata bila kifurushi, kwa kuwa setilaiti haitozi. Mkiisoma, mmoja asome na mwingine atazame watu na mabegi, migongo ikiwa ukutani. Roma na Barcelona wezi wa mifukoni huwangoja wawili walioinamia simu moja.

Kila mji una mguu wake. London vituo vingine vya treni vimekaribiana mno: kati ya Leicester Square na Covent Garden ni kama mita 260, na kushuka ngazi pekee kunachukua muda kuliko kwenda kwa miguu. Zile ramani za nguzoni mjini humo hazikuelekezwa kaskazini bali upande unaoutazama. Lisbon njia za miguu zimetandikwa vijiwe vya chokaa vilivyosuguliwa na nyayo hadi vikawa kama sabuni; mvua ikinyesha, soli laini ya mpira ndiyo inayoshika. Venice haina gari kabisa katika mji wa kale, na bora zaidi ni kufuata vibao vya njano vilivyoandikwa “Per Rialto” na “Per S. Marco” kuliko simu, maana kuta ndefu huchanganya setilaiti. Roma ina mabomba ya chuma mitaani yanayotiririsha maji ya kunywa bure. Istanbul vilima vyake ni vikali. Pandeni kilima cha Galata asubuhi, mchana mvuke kwa kivuko kutoka Eminönü hadi Kadıköy, miguu ipumzike mkiwa mnahama bara, kutoka Ulaya kwenda Asia.

Mashambani nako kuna sheria zake. England njia ya miguu huweza kukatiza katikati ya shamba la mtu na ni halali kupita. Mshale wa njano ni wa watembea kwa miguu, wa bluu hata farasi hupita. Geti mlilokuta limefungwa lifungeni, mlilokuta wazi liacheni wazi. Scotland sheria ya mwaka 2003 inaruhusu kutembea karibu ardhi yote, mradi mtu asiharibu. Uswisi vibao vya njano huandika saa na dakika, lakini mapumziko hayamo. Mistari nyeupe-nyekundu-nyeupe ni njia ya mlimani inayotaka viatu vya kweli. Nyeupe-bluu-nyeupe waachieni wenye ujuzi wa kamba. Msaada ukihitajika milimani, pigeni filimbi mara sita ndani ya dakika moja, nyamazeni dakika moja, mrudie. Jibu ni mara tatu.

Majani marefu ya Ulaya yana kupe, na baadhi yao huambukiza ugonjwa wa Lyme, unaoletwa na bakteria. Hapa kuwa wawili ni faida kubwa: kila jioni kila mmoja amkague mwenzake nyuma ya magoti, mgongoni, nyuma ya masikio na kwenye nywele, sehemu ambazo mtu hawezi kujiona. Kupe ashikwe kwa kibanio karibu kabisa na ngozi na avutwe moja kwa moja polepole. Mafuta ya taa na kijinga cha moto, tulivyozoea kwa ng'ombe, huweza kumfanya ateme vijidudu vya ugonjwa ndani.

Kwa Wakatoliki wa Iringa na Songea, ipo Hija ya Santiago nchini Hispania. Anayetaka cheti atembee walau kilomita 100 za mwisho, na wengi huanzia Sarria, akifuata mishale ya njano na kugongesha mihuri miwili kwa siku kwenye kitabu chake. Wasioweza nauli hiyo wanayo hija ya Mashahidi wa Uganda huko Namugongo, kila tarehe 3 Juni.

Wala si lazima ndege. Malawi iko ng'ambo ya mto Songwe, na kwa ziara fupi Mtanzania haombi viza. Mkivuka Kasumulu rudisheni saa nyuma kwa saa moja. Wengi husahau kwamba giza nalo linawahi kwa saa hiyo, na Karonga mwezi Juni jua huzama kama saa kumi na moja na nusu. Wanyakyusa hawatapata shida ya kuuliza njia huko, kwani Kingonde ni karibu lugha moja na yao, na “Ugonile” itajibiwa. Kutoka Chitimba, ufukweni mwa ziwa, barabara inapanda kona kali 20 hadi Livingstonia, misheni iliyohamia pale mwaka 1894, zaidi ya mita 700 juu ya maji. Anzeni kabla jua halijatoka, maana joto la chini ni la Kyela, si la Tukuyu. Njiani msiulize, “Livingstonia ni huku?” Mtu mwenye adabu atasema ndiyo. Ulizeni, “Njia ya Livingstonia ni ipi?” kisha nyamazeni. Reli ya TAZARA inafika Zambia, lakini huko, kutoka mji wa Livingstone kwenda kwenye maporomoko ya Victoria msiende kwa miguu, tembo huvuka barabara ile.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni hili: ukichapa makala kuhusu mji au nchi ya kigeni, ongeza mistari mitatu tu pembeni. Magari yanapita upande gani, jua linazama saa ngapi mwezi huo, na kutoka stendi hadi kivutio ni kilomita ngapi na mita ngapi za kupanda.

Wasomaji wenu, mume na mke,
Uyole, Mbeya